Boti Kubwa, Geti Jembamba

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeanza daftari. Mtu mwenye siri asipozungumza na karatasi atazungumza na mkewe, na hapo siri imekwisha. Nalificha ndani ya mto wa kochi la sebuleni, upande wa kushoto. Hapo hafiki mtu.

Siri yenyewe: nataka boti kubwa.

Bibi wa nyumba anataka dogo. Tumeuza karakana yetu ya makochi. Miaka arobaini! Mimi napima na kugonga misumari, yeye anakata na kushona. Tukakubaliana uzeeni tununue boti la maboya, la kupunga upepo ziwani. Si la kuvua. Ni sebule inayoelea: chini mapipa marefu yaliyozibwa, juu sakafu ya mbao, makochi pembeni, paa la turubai. Tukapeana mkono. Hatujakubaliana jambo jingine tangu siku hiyo.

Muuza boti amebakiwa na mawili. Kubwa lina mapipa matatu, linabeba watu kumi na wanne, lina kochi lililopinda kama ndizi na honi ya sauti mbili. Dogo lina mapipa mawili na linabeba wanne, na hao wanne wawe wanapendana. Atatushikia yote mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Saini za benki ni mbili, yangu na yake. Bila mkono wake mimi ni mzee mwenye ndoto.

Kwa nini kubwa? Hapa hakuna mtu, nitasema kweli. Ni mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada ya mke wangu. Mwashi mstaafu. Alinunua boti lake mapema, la watu wanane, akapata nafasi ya mwisho gatini, akavaa kofia nyeupe, na sasa anataka aitwe Kepteni. Mtu aliyekuwa akiruka dimbwi kwa kushikwa mkono! Jana nilikuwa ukingoni nakula karanga. Akanipitia karibu, akanipigia honi. Karanga zote chini. Watu walicheka hadi mbwa akabweka.

Humu nitamwandika Kepteni, kwa kejeli. Kwa mdomo, simwiti ng'o.

Nane kwa kumi na nne. Hesabu hiyo hata mimi niliyelipa kisogo darasa la tano naiweza.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Mtu hajui udogo wa kitu mpaka akikalie. Basi nikachora maboti yote mawili uani kwa chaki ya fundi, kwa vipimo vyake kamili.

Nilipima kwa tepu yangu ya zamani, ile ya karakana. Tepu hii ina historia. Pasi iliila mwanzo wake miaka kumi na miwili iliyopita, ikaondoka na sentimita saba. Inaanzia saba! Sikununua nyingine, maana tepu ni kama mke, umeshaijua. Karakanani ikawa sheria: ukipima kitu kwa tepu ya mzee, toa saba. Nilikuwa nalala naota natoa saba.

Kwenye boti kubwa nikapanga viti kumi na vinne. Kwenye dogo nikapanga vinne vilivyobanana. Nikaalika watu. Shemeji alikuja, na Kepteni wake na kofia. Shangazi yake mke wangu alikuja na mto wa kukalia. Nilitaka Bibi wa nyumba aone ukubwa ulivyo mtamu.

Lo! Dakika kumi hazikupita, boti langu la chaki limejaa. Shangazi kakamata kochi la ndizi, kasema hapo ndipo pake kila Jumapili mpaka Mungu amchukue. Jirani wa kushoto kauliza kama ataruhusiwa kuja na mkwewe. Shemeji kagawa viti kama mwenye hati miliki. Nilipogeuka kutafuta kiti changu, hakuna. Mimi ndiye mwenye boti, nimesimama nje ya mstari wa chaki, nimeshika birika. Kepteni akaniambia, mwanyumba, angalia usizame, hapo uliposimama ni maji.

Nikatazama boti dogo. Bibi wa nyumba kaketi humo peke yake, miguu kainyoosha juu ya kiti cha pili, anafuma kitambaa. Nikamuuliza kama haoni anabanwa. Akasema anasikia upepo.

Upepo! Uani! Kuta pande nne!

Jumatano, 6 Agosti

Tumekwenda kujaribu maboti yenyewe. Nilimwambia muuza boti tuanze na kubwa, ili dogo lije kuonekana kama beseni. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Makochi ya kubwa nimeyakagua kwa kiganja. Sponji nzuri, mshono wa kitoto. Nikashika usukani. Kwenda mbele nilikwenda vizuri, mtu asinisingizie. Taabu ilikuwa kurudi. Boti kubwa lina ubavu mpana, na upepo ukilipata ubavuni unalisukuma kama mlango wa kabati. Nikakata kushoto, likaenda kulia. Nikapunguza moto, likaendelea na safari zake. Tukaligonga gati kwa kishindo. Muuza boti akaokoa simu, akapoteza kiatu.

Na nani alikuwa gatini akifunga kamba? Kepteni! Alivua kofia, akaiweka kifuani, kama mtu aliye mazikoni.

Kisha dogo. Nikasema ashike Bibi wa nyumba, nikijua ataogopa. Ala! Akalizungusha kama kitambaa chini ya sindano. Mguu uliokanyaga cherehani miaka arobaini unajua kupunguza na kuongeza. Akalirudisha kinyumenyume, akaliegesha gatini hata tairi la kukinga halikubonyea. Muuza boti, na kiatu chake kimoja, akapiga makofi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijikunja. Nilisema tumbo.

Alhamisi, 7 Agosti

Habari njema! Asubuhi Bibi wa nyumba kaweka kikombe chini, kasema hataki ugomvi wa kuzeekea. Gatini hakuna nafasi, kwa hiyo boti litalala uani, juu ya tela lake, mahali atakapoliona. Basi geti liamue. Kubwa likipita getini, atatia saini bila kinyongo. Lisipopita, tunachukua dogo na nisimletee mdomo. Nikakubali kabla hajamaliza. Nilimpa mkono mara mbili.

Nikakimbilia getini na tepu. Mwanzo nikaukandamiza kwa dole gumba kwenye nguzo ya kushoto, kama kawaida, macho yakaenda mwisho kwenye nguzo ya kulia. Nguzo mpaka nguzo: mia mbili hamsini na nane. Toa saba. Mia mbili hamsini na moja.

Boti kubwa, kwa karatasi ya muuzaji, upana wake ni mia mbili hamsini na tano.

Sentimita nne! Upana wa vidole viwili vya shangazi! Nimepima mara sita. Mara zote nimetoa saba. Mara zote nne zimepungua.

Bibi wa nyumba alinikuta nimechuchumaa pale, akauliza imekuwaje. Nikasema bado napima. Akasema nipime polepole, geti haliendi popote.

Nimelala kidogo mchana, nimeamka na jibu. Binadamu akinenepa tunatanua suruali. Nguzo ikinenepa?

Ijumaa, 8 Agosti

Jambo la ajabu. Daftari nimelikuta upande wa kulia wa mto, nami nililiacha kushoto. Panya wa nyumba hii wana nguvu.

Ijumaa Bibi wa nyumba huenda kwa dada yake, anarudi alasiri. Leo kabla ya kuondoka kaniuliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikasema anisalimie shemeji. Akanitazama kitambo, akachukua mkoba.

Alipokata kona tu, nikatoa nyundo na tindo. Mpango: ninyoe nguzo ya kulia, upande wa ndani, sentimita nne tu. Plasta na chembe ya tofali. Nipake rangi, ikauke. Nani atajua?

Plasta ilitoka vizuri. Nikaimba. Tofali la kwanza likatoka zima, kama jino la mtoto. Nikasema hiyo ni bahati. La pili likajitoa lenyewe kabla sijaligusa. Nikasema hilo nalo lina haraka gani? Kisha nikasikia nguzo inaguna.

Tuseme hivi: nguzo haipo. Na ukuta wa pembeni, hatua tatu, umeifuata kama maharusi. Geti lenyewe limelala barabarani na namba ya nyumba juu. Mimi mzima. Nilirukia kwenye matofali ya maua, nikalichubua goti na heshima.

Nguzo hiyo nani aliijenga? Kepteni! Enzi za uashi wake! Zawadi ya harusi yetu! Nikajua sasa nina kesi ya kumshinda. Nikamngoja Bibi wa nyumba pale pale, juu ya kifusi, na maneno yangu tayari: kazi mbovu ya ndugu zake.

Alirudi na dada yake na Kepteni mwenyewe, wamemsindikiza. Nikafungua kesi. Kepteni akainama, akaokota tofali, akaonyesha alama za tindo, akasema nguzo yake ilisimama miaka arobaini mpaka ilipokutana na mpumbavu. Kesi ikafungwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikulala vizuri, goti. Ila asubuhi wazo likaja lenyewe kwa furaha. Nguzo haipo! Pengo ni mita nne! Boti likija leo litapita likicheza! Nikampigia muuza boti alifunge kwenye tela. Nikampelekea Bibi wa nyumba fomu ya benki na kalamu, nikamwambia ahadi ni deni, aje aone linavyopita.

Akatoka mpaka barabarani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasema alisema geti. Hapa haoni geti, anaona tundu. Geti likisimama, ndipo tupime.

Nikampigia muuza boti alifungue kwenye tela. Amenijibu vibaya.

Kisha Bibi wa nyumba akaniuliza, kwa upole ule unaotisha, ni kitu gani kilinipeleka kwenye nguzo. Nikaona bora nikiri, na hesabu zipo. Mia mbili hamsini na nane, toa saba, mia mbili hamsini na moja, boti mia mbili hamsini na tano. Zimepungua nne.

Akaenda chumbani, akarudi na tepu yangu na miwani yake. Akanivalisha miwani. Akaninyooshea mwanzo wa tepu puani.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.

Zote zipo! Kipande kimeungwa, mshono mdogo kama wa kope. Kumbe aliishona miaka tisa iliyopita, kwa kipande cha tepu yake mwenyewe, na aliniambia siku hiyo hiyo, nami nikamjibu ehee. Ule mshono nilikuwa nikiupapasa kila siku. Nilidhani ni pindo, isifumuke.

Nikasema haiwezekani. Miaka tisa nimepima makochi ya watu kwa tepu hiyo, nikatoa saba kila mara. Vitambaa vyote vingebana, wateja wangenipiga mawe. Akasema ndiyo. Ndiyo maana kila karatasi ya vipimo niliyompa, yeye alikuwa anaongeza saba kabla ya kukata.

Miaka tisa! Mimi natoa, yeye anaongeza! Nikamuuliza kwa nini hakunikumbusha tena. Akasema alinikumbusha mara mbili, nikabisha, na cherehani ilikuwa inamsubiri.

Kwa hiyo nguzo mpaka nguzo ilikuwa mia mbili hamsini na nane kweli. Boti kubwa lingepita, na kidole kimoja na nusu cha shangazi kikabaki. Saini ningepata Alhamisi. Nimebomoa ushindi wangu kwa mkono wangu na tindo langu.

Nimekaa juu ya kifusi saa nzima. Kisha nikacheka. Kisha goti likauma.

Jumatatu, 11 Agosti

Nguzo lazima ijengwe. Mwashi tuliye naye ni mmoja, na hataki malipo. Anataka kufurahi.

Nimefikiri kama chui. Akiijenga nguzo ilivyokuwa, boti kubwa litapita, ahadi ya Bibi wa nyumba ingali hai. Akiijenga nyembamba kidogo, litapita na shangazi amesimama mlangoni. Kwa hiyo leo nilimfuata Kepteni kwenye mchanga wake. Nikamsaidia ndoo ya maji. Nikaisifu kofia. Nikamweleza kwamba nguzo nyembamba ndizo za kisasa.

Akaweka mwiko chini. Akasema anaweza kunifikiria, lakini amekuwa na kiu ya kusikia neno moja kutoka kinywani mwangu, na dada wote wawili wasikie.

Nilitazama ardhi. Nilitazama mawingu. Nikafikiria kochi la ndizi.

Nikasema Kepteni.

Akasema hasikii, masikio ya uzeeni. Nikasema Kepteni! Mbele ya mke wangu, mbele ya shemeji, mbele ya jirani aliyepanda ngazi makusudi. Shemeji alipiga kigelegele. Sijawahi kumeza kitu kigumu hivyo, na niliwahi kumeza msumari.

Lakini boti langu hilo!

Jumatano, 13 Agosti

Nguzo imekwisha. Nimeiona. Nimeizunguka. Kuizunguka kwenyewe ni safari.

Nene! Nene kama mjomba wa tajiri! Nguzo mbili ndani ya moja! Nimepima, na Bibi wa nyumba kanishikia mwanzo wa tepu ili nisitoe kitu. Mia mbili na thelathini. Boti dogo ni mia mbili na kumi na tano. Linapita na salamu. Kubwa hata likivuliwa makochi halipiti.

Nikamkabili Kepteni. Nikamwambia nilikupa neno lako, mbele za watu! Kepteni akafuta mwiko kwa utulivu. Akasema ni kweli, mwanyumba, wewe ulinipa neno. Ila shemeji yangu, mkeo, alinipa vipimo, kwa maandishi, tangu Jumamosi. Fundi hufuata karatasi.

Nikamgeukia Bibi wa nyumba. Akasema nguzo iliyowahi kuanguka ni vizuri iwe na mwili.

Nimetia saini. Dogo. Nilikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka, muuza boti akadhani ni furaha.

Panya wamelirudisha daftari upande wa kushoto. Na wameshona zipu ya mto iliyokuwa imelegea.

Jumapili, 17 Agosti

Leo tumetoka ziwani. Sisi wawili tu.

Nilipanda nimenuna. Yeye kwenye usukani, mimi nimekaa na chupa ya chai magotini kama mgonjwa anayepelekwa kliniki. Tulipofika katikati akazima injini. Maji yakawa yanapiga mapipa taratibu, tap, tap. Hakuna shangazi. Hakuna jirani na mkwewe.

Akanimiminia chai. Akasema miaka arobaini tumewatengenezea watu mahali pa kukaa. Karakanani tulikula tumesimama, kwa kuwa kila kochi lilikuwa la mtu. Nyumbani sebule ilijaa viti vya kungoja sponji. Akasema alikuwa akihesabu siku apate kochi moja la watu wawili, lisilo na mteja anayelijia Jumamosi. Ndiyo maana alitaka dogo. Hakutaka nafasi ya mtu mwingine iwepo.

Nikasogea, nikakaa karibu. Goti langu likagusa lake. Kochi hilo, sponji yake ni nzuri kuliko ya lile kubwa, hilo nalisema kama fundi. Nikamwambia ahsante kwa zile saba. Akauliza zipi. Nikasema zote za miaka tisa. Akanisukuma bega, akasema nisilitikise boti.

Nilikuwa karibu kabisa kuwa mtu mwema.

Hapo honi. Kepteni! Watu wanane kajaza, shangazi kwenye kiti cha mbele na mto wake. Akatuzunguka duara zima. Wimbi likaingia kwenye chai na kwenye suruali. Akapaza sauti kuuliza, hicho kitanda mmekitoa wapi?

Bibi wa nyumba alicheka, akampungia mkono. Mimi nilicheka pia. Kwa mdomo.

Tulipoegesha nikaona kitu. Muuza boti kaleta dogo jingine, pacha wa letu. Nikasimama palepale. Kwa nini sikuwaza mapema? Maboti mawili madogo, ubavu kwa ubavu, yakafungwa kwa mbao na bolti, ni boti moja KUBWA! Upana sentimita mia nne na thelathini! La Kepteni litakuwa kama sabuni kando yake! Na getini? Yanaingia moja moja! Nguzo ya mjomba wa tajiri haina la kusema!

Yatalala wapi? Uani, pamoja. Nimeupima upana wa ua jioni hii, kutoka ukuta wa jiko mpaka ukuta wa jirani. Mia nne thelathini na sita. Nimetoa saba. Mia nne ishirini na tisa.

Imepungua sentimita moja. Moja tu!

Ukuta wa jiko ni mnene. Nikiunyoa kidogo hautahisi. Ijumaa Bibi wa nyumba ataenda kwa dada yake.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekwenda kuandaa vifaa. Nyundo haipo. Tindo halipo. Tepu nayo haipo.

Panya wa nyumba hii sasa wamezidi.

Nitaazima nyundo kwa Kepteni.